Mzigo wa Kichwani

Nilikuwa ninacheka simu ilipolia. Watu wanaonijua hawatashangaa, maana mimi hucheka hata mafuta yakiniunguza. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo changu kikubwa cha saluni, hapa Mususa, mjini Butembo, nikimsuka bibi-harusi mmoja aliyekuwa anasimulia jinsi mchumba wake alivyoteleza kwenye matope siku ya kuleta mbuzi wa mahari, mbuzi wakakimbilia kwa jirani na jirani akataka kukaa nao. Simu ilitoka Beni. Sauti ya mwanaume nisiyemjua ikasema, "Mama Kavira ametuacha, asubui hii. Niko jirani yake. Numero yako alikuwa ameandika ku mulango, na makala." Nikauliza mara mbili, Mama Kavira gani, kana kwamba ninawajua wengi. Vidole vyangu viliendelea kusuka peke yao. Ndani ya kioo nilimwona mwanamke ambaye kicheko kilikuwa bado usoni, kimesahau kuondoka. Bibi-harusi akanigeukia. "Tantine, iko nini?" Nikamwambia ni kifo. Akauliza ni wa ndugu yangu. Neno la kumweleza Mama Kavira sikuwahi kulipata. Nililala naye chumba kimoja mwaka mmoja tu. Lakini kama mimi ni mtu, basi mwaka ule ndio ulionifanya mtu, na ndio mwaka niliomkosea mtu mwingine kosa lisilo na dawa.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ya kwetu sitayasema, hayana la ajabu. Nilikuwa nimeacha shule mwaka wa nne wa sekondari, nikaja kukaa kwa shangazi yangu, Tantine Odile, aliyekuwa na malewa, nyumba ya kuuza chakula, ya mabati na mbao, ukuta kwa ukuta na karakana ya wachomelea vyuma. Ukikaa kula, cheche za upande wa pili zilipita kwenye matundu ya mbao kama nzige wa moto, na wateja wageni waliruka na sahani zao huku sisi tukiwacheka. Asubuhi za Butembo zina baridi. Moshi wa jiko haupandi, unalala chini ukiingia kwenye nguo, hata misani Jumapili nilikuwa ninanukia sombe, majani ya mihogo. Nilikuwa na daftari la kuchorea mitindo ya nywele na picha ya saluni yangu ya baadaye, kioo toka pembe hii mpaka pembe ile. Tantine alikuwa ananiambia, "Neema, ota, mais ukiota, koroga bugali." Ile mais yake, yaani lakini, ilishinda ndoto, nami nilikoroga.

Mama Kavira alitufikia kipindi cha mvua, kutoka kijiji cha upande wa Mavivi, karibu na Beni, kule ndege zinakotua. Parokia ilikuwa imeomba kila nyumba ipokee mtu mmoja wa wale waliokimbia mauaji, na Tantine akasema atampokea anayejua kumenya mihogo. Alikuja na bakuli moja la bati na kikwembe alichovaa. Mumewe na binti yake Kavira walikuwa wamechinjwa siku moja, jioni, yeye akiwa amelala kwenye mtaro chini ya majani ya maharagi. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na jina hilo halibadiliki kwa sababu mtoto amekufa. Hivyo kila mteja aliyepaza sauti, "Mama Kavira, ongeza mchuzi!", alikuwa anamwita marehemu bila kujua, na mama wa marehemu alikuwa anaitika kwa upole, "Karibu, niko nakuya." Siku za kwanza nilikuwa ninajificha nyuma ya sufuria ili nisiuone uso wake akiitika. Baadaye nilizoea. Leo ninajilaumu pia kwa kule kuzoea.

Hakushika kisu. Mihogo aliimenya kwa kijiko kilichonolewa kwenye jiwe, sombe alilichuma kwa vidole, na siku ya nyama mimi ndiye niliyekata, yeye akiwa ametoka nje kuangalia mlima. Chumba chetu cha nyuma kilikuwa na kitanda kimoja, mkeka mmoja, bidon tatu za maji na dirisha lililofungwa kwa gunia. Yeye alichagua mkeka, karibu na mlango, akiuelekea.

Neno jenosidi nililisikia kwanza mezani, nikigawa maharagi. Palikuwa na dereva mmoja wa lori la Manguredjipa, mtu wa tumbo na mdomo, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwembamba kama chaki, aliyekula polepole kwa sababu ya kidonda cha tumbo. Dereva akasema, "Mwalimu, weye ulisoma. Ku radio kila siku ni jenosidi, jenosidi. Ni nini?" Mwalimu akaweka kijiko chini. "Ni kuua batu juu ya vile balizaliwa tu. Na kusudi ya kubamaliza." Dereva akapiga meza. "Donc ni siye! Basi ni siye!" Mwalimu akajibu, "Ile inatupata, kama ni jenosidi, bajuji batasema. Mais hii neno iko na benyewe bengi, shofa. Kuko benye balilia mbele yetu, na kuko benye balikatazwa kulia." Dereva hakupenda. "Wapi! Bengine bangoje. Leo ni zamu yetu ya kulia." Watu wote wakaitikia, hata mimi na mwiko wangu. Mama Kavira alikuwa ameinama juu ya karai, kijiko kikikwangua muhogo, kwaru, kwaru, kama hasikii. Mimi nikalichukua neno lile nikaliweka kichwani mwangu mahali pazuri, kama mtoto anavyotunza sarafu. Sasa nilijua yaliyompata Mama Kavira yanaitwaje. Kulikuwa na sisi, kulikuwa na wao, na katikati palikuwa na panga. Sikuona kitu kingine cha kuuliza.

Nilibaki na swali moja tu: wao tutawajuaje? Mwaka ule watu wengi wenye lugha nyingine walikuwa wanapita mjini mwetu kutoka Masisi, wakielekea kaskazini kutafuta mashamba, na maneno yalikuwa yanatembea kasi kuliko magari: kwamba wauaji wanatanguliza wanawake waje kupima nyumba. Na Mama Kavira, aliyekuwa hasemi sana, alikuwa na hadithi moja ambayo wateja walimwomba kila wiki, naye aliitoa kila mara kwa maneno yale yale. "Asubui ya ile siku nilikuwa ku shamba. Mwanamuke akapita ku njia, simujui. Muzigo ku kichwa. Si ku mugongo na kamba ku uso kama siye. Ku kichwa, vile babebaka kule kwabo. Alienda mbio-mbio. Nikamuangalia, akaniangalia, hatukusalimiana. Jioni bakafika." Hapo mtu mmoja alikuwa akisema, "Unaona!"

Kwetu mwanamke hubeba mgongoni, kamba ikizunguka mzigo na kupita juu ya paji la uso. Bibi zetu wana mfereji mdogo juu ya nyusi, kamba imeuchimba miaka na miaka. Hata wakivua kitambaa unausoma. Nilikuwa ninauona ni alama ya ubatizo. Baada ya kusikia hadithi ya Mama Kavira mara tano, sita, nilianza kuangalia vichwa vya watu barabarani. Sikuwa na ubaya wowote moyoni, ninaapa. Nilikuwa ninampenda yule mama, na nilitaka kumtunzia mlango.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko, mchana, jua kali baada ya mvua. Vijana wa kartie, yaani mtaa wetu, walikuwa wameweka barrière, mwanzi mmoja juu ya mapipa mawili, kwenye njia panda ya kushukia bondeni. Mkubwa wao alikuwa Jospin, fundi wa pikipiki, kijana wa utani aliyekuwa ananipenda na kila mtu alijua. Nilikuwa ninapita na unga wa mihogo. "Neema!" akaniita. "Saluni itafunguka lini? Mimi nitakuwa kliya, muteja wa kwanza, utanisuka ndevu." Nikamwambia, "Ndevu gani, hizi tatu? Ngoja kwanza zifanye mkutano." Wenzake wakaanguka kwa kicheko, nami nikacheka nao, na nikiwa bado ninacheka nikainua macho nikamwona mwanamke anapanda kilima, mzigo mkubwa kichwani, na nyuma yake kijana ameshika jembe lisilo na mpini. Nilinyoosha kidole. Nikasema, "Hapana mutu wa hapa, yule. Muangalie vile anabeba." Kile kicheko kilikuwa bado ndani ya sauti yangu. Nimejaribu miaka yote kuikumbuka sauti ile bila kicheko, nimeshindwa.

Mwanzi ukashuka. "Mama, unatoka wapi?" Akajibu Kiswahili chenye mteremko mwingine, chenye r na l zisizo zetu. "Leta carte, kitambulisho." Hakuwa nayo, ilikuwa imelowana ikaoza, alisema. Mzigo ukateremshwa, ukafunguliwa barabarani: sufuria, blanketi, mbegu za maharagi kwenye soksi mbili ndefu za mwanaume. Watu wakajaa mara moja kama vile walikuwa wamejificha kwenye kuta. Mtu akasema, "Bamekuja kupima nyumba." Mwingine akasema neno moja tu, "Mupira," na nikaona mtoto wa shule anaviringisha tairi kuukuu kutoka karakana, analiendesha kwa kijiti, anakimbia nalo kama mchezo. Ndipo yule kijana aliponyakuliwa shati akajing'oa, akaruka mtaro, akakimbilia chini kwenye mikalitusi. Jospin na wengine wanne wakamfuata. Mimi nikatupa unga, nikakimbia nyumbani.

Nilikimbia kujificha. Ninaliandika hili wazi kwa sababu mtu mmoja alikuja kuliamini vingine. Nilijitupa jikoni, Mama Kavira akaniuliza, "Iko nini?" Nikasema, "Bamekamata mwanamuke. Ni wa muzigo ku kichwa." Akasimama. Kijiko kilikuwa mkononi, makwangulio ya muhogo mpaka kwenye viwiko. Nilidhani, Mungu anisamehe, anakwenda kulipiza, na sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi kwa ajili yake. Nikamfuata kwa nyuma.

Watu walimpisha kama wanavyompisha padri. Mmoja wa vijana waliobaki akasema, "Mama, weye uliona kwa macho. Angalia muzuri. Ni huyu?" Hata wachomelea walikuwa wamezima mashine. Mwanamke alikuwa amepigishwa magoti, tairi limelala kando yake, na sasa, kwa kuwa alikuwa ameinama, tuliona sote kilichokuwa mgongoni mwake: mtoto wa kike wa miaka mitatu au minne, amefungwa kwa kikwembe, macho yamemtoka. Mama Kavira alimtazama mtoto muda mrefu sana. Kisha akainama, akaanza kurudisha mbegu kwenye soksi, punje kwa punje. Akasema bila kuinua kichwa, "Mumechelewesha mugeni wangu. Huyu ananiletea maharagi." Kijana akasema, "Mama, mais eko wa kule!" Akajibu, "Maharagi iko na kabila? Mutu anisaidie hii sufuria." Hakuna aliyejua la kufanya. Ukimwita Mama Kavira mwongo, basi na hadithi yake je? Wakampa sufuria.

Jina la yule mwanamke lilikuwa Vumilia, mtoto aliitwa Esperance, na kijana wa jembe alikuwa mdogo wake, Bahati. Jioni ile Tantine alifunga malewa mapema akapika kuku, jambo ambalo halifanyi bila ubatizo, ili mikono yake ipate kazi. Vumilia hakula. Alitenga sahani moja, akaifunika kwa nyingine, akaiweka karibu na mlango. "Ni ya Bahati," alisema. "Anajua kukimbia, ule." Mimi nilikuwa nimewaona Jospin na wenzake wakipanda kutoka bondeni jua likiteremka. Walinawa kwenye bomba la kartie, zamu kwa zamu, wananawa sana, hawasemi. Jospin aliniona, akageuza uso. Hakunitania tena kamwe. Yuko Kampala sasa, wanasema. Niliiangalia sahani iliyofunikwa nikaelewa kwamba mimi tu katika nyumba ile ndiye niliyejua haitafunuliwa. Kisha Vumilia akanishika mkono. "Asante, mudogo wangu," akasema. "Nilikuona unakimbia kumuita mama. Minajua ni weye." Nilifungua mdomo. Mama Kavira alikuwa ananitazama kutoka kwenye mkeka. Nikaufunga.

Vumilia alikaa kwetu wiki saba. Chumba kile, wanawake watatu na mtoto, na dirisha la gunia. Usidhani tulikuwa marafiki. Wiki ya kwanza mimi nilificha visu chini ya bidon, na yeye, nilikuja kujua, alikuwa analala na mchi wa kinu chini ya blanketi. Mama Kavira alihamia kitandani akamwachia mkeka, lakini hakumwita kwa jina. Alisema "weye kule". Walikutana kwenye maharagi. Asubuhi walikaa pande mbili za ungo, wanachambua, mawe huku, mbovu kule, na siku moja Vumilia akaanza kusema bila kuulizwa. Alisema alipokuwa wa kimo cha Esperance walikimbia vita na mama yake wakaingia msitu mkubwa wa magharibi, pamoja na watu wengi waliotoka ng'ambo ya mpaka, na askari wakawa wanawawinda miezi na miezi. Walikopita, njia ilijaa viatu vya walioanguka. "Ng'ambo kulikuwa kumechinjwa batu, kweli, batu bengi, na kati ya benye tulikimbia nabo, benye balichinja balikuwako. Mama alimujua mumoja. Alikuwa anatugawia maji. Anapima kwa kifuniko, batoto kwanza." Akaokota jiwe akalitupa. "Askari hapana kuuliza nani alichinja, nani ni mutoto. Mama alibakia kule. Na siye hatuna jina ya kuita ile. Ukisema, banakuambia: bale ni bauaji. Basi tunanyamaza."

Mama Kavira aliusukuma ungo. "Usifananishe!" Sijawahi kumsikia kwa sauti ile. "Kavira wangu hakumugawia mutu damu. Usilete benye kufa bako juu ya benye kufa bangu." Vumilia akasema polepole, "Sileti juu, mama. Niko naleta pembeni." "Pembeni hapana nafasi!" Akatoka. Nilibaki na Vumilia na maharagi yaliyomwagika, tukayaokota sote wawili. Nilikuwa ninamfikiria yule mtu wa kifuniko. Hakukaa vizuri popote kichwani mwangu. Katika jenosidi yangu wauaji hawakugawa maji, na watoto wa upande wao hawakuwapo kabisa. Kulikuwa na panga tu, na mkono bila mtu. Mwalimu alipokuja kula nikamuuliza kando kama mtu wa kifuniko na yeye amo ndani ya lile neno. Akakaa na kijiko hewani. "Neema, hii swali ni ya mutu mukubwa," akasema, na hakumaliza sahani yake.

Baada ya siku mbili Mama Kavira alirudi kwenye ungo. Alichambua, halafu akaniita mimi, si Vumilia, aliyekuwa nje anaanika nguo. "Neema. Ule mwanamuke wangu, wa ile asubui." "Ndiyo, mama." "Mugongo yake ilikuwa na mutoto." Akatenga punje mbovu. "Kila mara nikieleza nilikuwa nasahau mutoto. Sikusema uongo; nilikuwa nasahau. Siku ile ya barrière, nilipoona huyu Esperance, ndipo ikarudi. Mutoto alikuwa analia, mama anakimbia naye. Mutu mwenye kuenda kupima nyumba habebi mutoto wa kulia." Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya maharagi. "Alikuwa nakimbia, Neema. Alibaona bauaji mbele yetu. Kama ningemusalimia, angeniambia kwa nini. Ningewahi ku nyumba. Nilimuangalia muzigo, nikakosa kumusalimia." Kisha, bila hasira, "Na huyu wako, mugongo ilikuwa na mutoto. Ulitaka muzigo atie wapi?"

Kwa hiyo alikuwa anajua. Nililia kwenye ungo mpaka akauondoa ili maharagi yasilowe. Nikamwomba anisamehe, akasema msamaha ule hauko kwake. "Mimi nilisema uongo moja, ile ya maharagi, juu ya kuponya mutu. Hii yako ni yako. Utamuambia." "Lini, mama?" "Mbele ile sahani haijakuua." Maana Vumilia alikuwa bado anafunika sahani kila jioni, na kila asubuhi mimi ndiye niliyeimwaga kwa kuku na kuiosha. Nilikuwa ninajiambia, leo. Nikisonga bugali, leo. Siku alipopata lori la kwenda kaskazini nilimbeba Esperance mpaka kwenye kituo, nikamfungia mzigo vizuri, na mlango wa gari ulipofungwa akatoa kichwa dirishani. "Mudogo wangu, ukisikia habari ya Bahati, hata kidogo, unitumie." Nikasema, "Ndiyo, yaya," kama kwa dada mkubwa. Nikapunga mkono. Nilitabasamu pia, uso wangu ndio ulivyozoea.

Mwaka uliofuata Mama Kavira alirudi Beni, akapanga chumba. Na ule uongo wake ukafanya jambo la ajabu: ukawa kweli. Kila mavuno Vumilia alimletea maharagi, kwa lori au kwa miguu, na Mama Kavira alinipigia simu kunieleza yalivyo, mekundu au ya madoa, halafu aliuliza, "Umeandika?" maana yake barua, kuungama kwangu. Nilisema bado. Miaka minane nilisema bado. Nilifungua saluni, nikanunua kioo, nikacheka na maharusi.

Nilipanda gari siku ile ile ya simu. Matanga yalikuwa ya watu wachache, wanawake wa kartie wamekaa kwenye mikeka, moto na sufuria kubwa ya chai. Mlangoni niliona numero yangu, na chini yake ya pili, kwa makala yale yale, bila jina. Kesho yake mchana watu wote uani wakageuka kwa mara moja, kwa shingo moja, nami nikaujua ule mgeuko kabla sijaona kitu. Vumilia alikuwa anaingia, mzigo kichwani, na binti mrefu nyuma yake. Mwanamke mmoja kando yangu akanong'ona, "Huyu ni wa wapi? Angalia vile anabeba." Nilisimama. Nikamwendea, nikamsalimia kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Ni mugeni wa marehemu. Anamuletea maharagi." Kisha, kabla sijautumia uongo wa Mama Kavira kujificha tena, nikamwambia yeye peke yake, karibu na sikio, "Yaya, siku ile sikukimbia kumuita mutu. Mimi ndiye niliyekuonyesha. Kwa kidole hiki. Na Bahati, minajua pahali."

Hakushusha mzigo. Alinitazama chini ya mzigo ule, shingo imenyooka. Nilingoja kofi, nilingoja kilio. Akasema, "Pahali ni wapi?"

Tulimzika Mama Kavira, na baada ya siku mbili tukarudi Butembo kwa gari moja, viti viwili tofauti. Esperance alikaa katikati yetu akala ndizi tatu. Pale njia panda hakuna mwanzi tena, kuna mtu wa kuuza kadi za simu. Tulishuka bondeni, mimi mbele, yeye nyuma, mzigo kichwani. Mikalitusi imekatwa. Kuna nyumba mbili za mabati mapya, na mtu amefunga kamba ya nguo kutoka kisiki kimoja hadi kingine, shati za shule zinakauka. Nilitafuta kisiki cha mti ule mrefu nilipofika peke yangu wiki ile ya kwanza, asubuhi moja, nikaona udongo umerundikwa kama kaburi, nikakimbia. Kipo. Vumilia alisimama kando yangu akingoja. Nilinyoosha kidole, mara ya pili maishani kwa ajili yake, na safari hii hakuna aliyecheka. Akauangalia udongo. Kisha akapiga magoti polepole bila kuinamisha shingo, akainua mikono miwili, akautua mzigo wake chini.